Farasi wa Damiran Aliyepewa Mbingu

Tarehe 28 Aprili 2011, saa tatu asubuhi, Nansalmaa, mjane wa miaka sitini na minane, alimfunga utepe wa rangi tano mwanafarasi ambaye hakuwa wake, akamkabidhi kwa Mbingu. Picha ipo. Ilipigwa na mwanawe Sandag kwa kamera ndogo, na tarehe na saa zinaonekana pembeni kwa tarakimu za rangi ya chungwa. Katika picha hiyo Nansalmaa amevaa joho la kijani, ameshika bakuli la maziwa na anatabasamu. Mwanafarasi anatazama pembeni, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake.

Katika bonde lile la mkoa wa Zavkhan, ambako kilele cha Otgontenger hakiachi theluji hata Julai, ziko familia zinazoweka mnyama mmoja wa Mbingu. Hapandwi, hauzwi, hachinjwi, na manyoya ya shingo yake hayaguswi na mkasi. Anakula majani pamoja na wenzake na kuzeeka apendavyo. Akifa, fuvu lake hupandishwa mahali pa juu, na utepe huhamia kwa mnyama mdogo wa rangi ileile. Familia ya marehemu Zundui, mume wa Nansalmaa, ilikuwa na farasi wa kijivu kinachoelekea samawati, na kabla yake mwingine wa rangi hiyo, na mwingine kabla ya huyo. Wa mwisho alikufa Februari akiwa na miaka ishirini na sita. Alikufa amesimama, ameegemea ua wa zizi, na ilichukua nusu siku watu kutambua.

Mbingu inayozungumzwa hapa si mahali ambako wafu huenda kupumzika. Ni hii hii iliyo juu ya kichwa, ya samawati, isiyo na mwanzo. Haina nyumba wala sanamu. Wazee huhesabu mbingu tisini na tisa, hamsini na tano za magharibi na arobaini na nne za mashariki, lakini asubuhi maziwa yanaporushwa hakuna anayezihesabu. Husemwa tu kwamba Mbingu haina kope.

Nansalmaa amerusha maziwa hayo kila asubuhi kwa miaka arobaini na sita. Hutoka hemani kabla mtu yeyote hajanywa chai, ana kijiko cha mti chenye vishimo tisa viitwavyo macho, na hurusha upande wa kusini, magharibi, kaskazini na mashariki. Binti yake anayeishi makao makuu ya wilaya humsihi ahamie kwake, penye nyumba ya matofali na uzio wa bati. Jibu lake ni lilelile. Hema ni lake, farasi anawajua, na siku atakaposhindwa kumtambua farasi wake mwenyewe ndiyo siku wampakie kwenye lori.

Maneno hayo aliyasema mara nyingi, mbele ya watu wengi.

Ibada ya utepe ni fupi. Moshi wa mreteni huzungushwa mara tatu, maziwa humwagwa kutoka utosini mwa farasi hadi mkiani, kisha msimamizi huuliza, "Ni wa nani?" Mwenye mali hujibu, "Ni wangu, na sasa ni wako." Swali na jibu hurudiwa mara tatu. Zundui alipokuwa hai ndiye aliyeuliza. Tangu afariki mwaka 2003 hakuna aliyejadili nani achukue nafasi hiyo, kwa hiyo siku ile Nansalmaa aliuliza mwenyewe na kujibu mwenyewe, mbele ya majirani wapatao kumi.

Sandag, mwenye miaka thelathini na minne, ndiye aliyemshika mwanafarasi. Alikuwa amerudi mwezi Februari baada ya miaka miwili ya kuendesha malori ya mgodini huko kusini, na wanafarasi wa miaka miwili alikuwa bado hawatambui mmoja mmoja.

"Ni huyu, Mama?" aliuliza.

Nansalmaa alimpapasa shingo, akamsikiliza akikanyaga, akasema, "Ni huyu."

Mkewe Sandag, Khorloo, ambaye angeweza kusema vinginevyo, alikuwa ng'ambo ya kilima na kondoo waliokuwa wakizaa.

Siku nne kabla ya hapo dhoruba ya vumbi na theluji ilikuwa imepita bondeni na kuchanganya makundi ya farasi. Watu walitumia siku mbili kuyatenganisha. Farasi wakubwa wana chapa mapajani na hawaleti ubishi. Wa miaka miwili hupigwa chapa vuli, kwa hiyo masika hutambuliwa kwa macho tu. Katika bonde lile hilo si tatizo. Mfugaji anaweza kuwasahau wajukuu majina, lakini mwanafarasi wake atamtambua kwa mbali, katikati ya mia mbili.

Siku ya tano baada ya ibada, Damiran alifika akiwa amepanda farasi wake na kumvuta mwingine kwa kamba. Damiran ana miaka hamsini na miwili na anafunza farasi wa mbio. Hema lake liko mwendo wa saa moja kwa farasi upande wa juu wa mto. Aliyemvuta alikuwa wa kijivu cha samawati, mwenye miaka miwili.

"Shikeni mbwa!" aliita, kama wanavyoita wote wafikao.

"Mbwa ni mzee kuliko wewe, shuka," alijibu Nansalmaa mlangoni.

Damiran alikunywa chai ya maziwa na chumvi, akatafuna jibini kavu, akauliza habari za wanakondoo. Kisha akasema, "Dada, nimekuletea wako. Alikuwa katika kundi langu tangu dhoruba. Nipe wangu niende."

"Wako yupi?"

"Wa kijivu. Baba yao mmoja, dume lako lile. Ila wangu ana kidoa cheupe juu ya kwato ya nyuma ya kushoto, kama punje ya mchele. Wako hana."

Sandag aliyekuwa akirekebisha tandiko aliacha. Walitoka wote watatu. Farasi wa Mbingu alikuwa kwenye kamba ya kufungia, utepe ukipepea shingoni. Kidoa kilikuwepo. Sandag alikiona, Damiran alikiona. Nansalmaa alitazama upande huohuo waliotazama wao.

Damiran aliushika utepe. "Mmemfunga utepe," alisema.

"Amefungwa," alisema Nansalmaa.

"Farasi wangu."

"Amefungwa mbele ya watu."

"Dada, farasi huyu anakimbia Julai. Miaka kumi na minne nafunza farasi, sijapata hata mmoja kama huyu. Fungua utepe."

"Haufunguliwi hivyo kama kamba ya mbuzi."

"Basi niambie ulifikiri nini! Wewe? Wewe uliyemtambua jike la Zundui kwa kikohozi, kundi zima likiwa nyuma ya kilima?" Alimgeukia Sandag. "Mama yako hakosei farasi. Nani asiyejua? Sasa kama hakukosea, ni nini?"

Neno lililobaki halikusemwa. Damiran alimfunga mwanafarasi wa Nansalmaa kwenye kamba, akapanda, akaondoka. Akiwa juu ya tandiko alisema jambo ambalo baadaye lilirudiwa bonde zima, kwanza kwa kicheko, halafu bila kicheko: "Mbingu ina farasi wangapi? Mimi nina mmoja."

Ukweli ulikuwa rahisi. Nansalmaa alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ugonjwa ulianza upande wa kushoto majira ya baridi ya mwaka 2008. Kufikia masika hayo aliona mwanga, aliona rangi kubwa kubwa, na aliona kwamba kitu kimesogea. Punje ya mchele hakuiona, wala kwato. Kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya farasi ni hatua kumi na moja, hadi kwenye rundo la kinyesi kikavu cha kuni hatua kumi na tisa. Chai aliimimina kwa kusikiliza sauti ya bakuli likijaa. Ng'ombe aliwatambua kwa chuchu. Farasi aliwatambua kwa mwendo na harufu, na kwa kila farasi wa kundi lake njia hiyo ilimtosha. Haikumtosha kwa ndugu wawili wa baba mmoja, waliokanyaga sawasawa na kunuka dhoruba ileile.

Khorloo peke yake alijua. Hakuwa ameambiwa. Aligundua mwaka 2009, mama mkwe wake alipomshukuru kwa bakuli ambalo bado hakuwa ameliweka mezani. Tangu siku hiyo alihakikisha kila kitu hemani kinarudi mahali pake, kisu kaskazini mwa jiko, kijiko cha macho tisa juu ya sanduku jekundu. Wawili hao hawakulizungumza hadi jioni ya siku aliyokuja Damiran, wakati Sandag amekwenda kunywesha maji.

"Mama," alisema Khorloo, "mwambie hukumwona."

"Nani hakumwona?"

"Mama."

"Nikimwambia Damiran, Jumatano bonde limejua. Alhamisi binti yangu ameleta lori."

"Lakini anadhani umemwibia."

"Acha adhani. Mwizi anaruhusiwa kukaa hemani kwake." Kisha akaongeza, "Hili bakuli umelisogeza."

"Sijalisogeza."

"Umelisogeza upana wa vidole viwili."

Lililofuata hakulipanga mtu. Tarehe 14 Mei ngurumo ya kwanza ya mwaka ilipiga, na watu wakatoka na maziwa kama desturi. Radi iliua ng'ombe wawili wa familia moja upande wa chini wa mto. Kwa Nansalmaa haikugusa hata mbwa. Ilitosha. Ilisemwa kwamba dhoruba haikuchanganya makundi bure, kwamba Mbingu ilimtaka mwanafarasi wa Damiran na ikamleta yenyewe hadi kwenye kamba. Kwamba mama yule, ambaye hakosei farasi, hakukosea; alioneshwa. Wakaja watu kutoka bonde la pili na maziwa ya kwanza ya ng'ombe wao. Mwanamke mmoja ambaye watoto wake hawakuwa wakiishi alifunga kitambaa cha samawati kwenye nguzo ya kamba ya farasi. Mwanafarasi alizoea kulambishwa malai mkononi, akanenepa.

Nansalmaa hakusema ndiyo wala hapana. Aliwapa chai.

Kwa Damiran mambo yaligeuka. Aliyekuwa ameporwa akawa mbishi anayegombana na Mbingu. Wanaume waliokuwa wakimsaidia kukimbiza farasi asubuhi walipata shughuli nyingine. Mkewe alimwambia aache, wana binti mjamzito, huu si mwaka wa kujaribu bahati. Siku moja Sandag alikutana naye kwenye kivuko, akamsalimia.

"Mwambie mama yako," alisema Damiran, "kama Mbingu inamtaka na tandiko, nalo ninalo."

Sandag alirudi na kuyasema hayo wakati wa kula, akicheka. Mama yake hakucheka. Alimwuliza, "Amekonda?"

"Farasi?"

"Damiran."

"Amekonda."

Asubuhi iliyofuata Nansalmaa alitoka na kijiko kama kawaida, akarudi bila kurusha. Khorloo alimwona akiyamimina maziwa kwenye birika. Alipoulizwa alijibu kwamba amesema "ni wangu" mara tatu juu ya mali ya mtu, na kwamba zawadi ya asiye na mali si zawadi, na kwamba hawezi tena kusimama pale nje na kujifanya hajui anayemtazama. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini mkate haukuumuka. Siku hiyo, na saba zilizofuata, Khorloo ndiye aliyerusha maziwa. Sandag aliambiwa kwamba mama ana maumivu ya bega.

Tarehe 5 Juni familia za bonde zilikusanyika chini ya kilima cha mashariki, chenye mrundo wa mawe wa sadaka juu yake, kama zinavyofanya kila mwaka. Wanaume hupanda hadi juu na kuuzunguka mara tatu. Wanawake hubaki chini na vyakula. Walikuwepo watu wapatao tisini. Kabla wanaume hawajaanza kupanda, Nansalmaa alimwomba Sandag awalete wanafarasi wote wawili.

"Wote? Wa nini?"

"Walete."

Walipoletwa, aliomba watu wasogee. Mtu mmoja nyuma alisema, "Mama, leo unachukua yupi wa Damiran? Ana jike zuri pia, jekundu." Watu walicheka. Damiran, aliyekuwa amesimama peke yake karibu na farasi wake, hakugeuka.

Nansalmaa alishika manyoya ya mwanafarasi mwenye utepe. Lililosemwa kwa Mbingu mbele ya watu haliondolewi kwa siri. Hilo halikuhitaji kuelezwa kwa yeyote pale. Alijiuliza mwenyewe, kama siku ile: "Ni wa nani?" Akajibu, "Hakuwa wangu." Kicheko kikakoma. Alirudia mara ya pili na ya tatu.

Aliyefanya mzaha ndiye aliyeuliza, sasa kwa sauti nyingine. "Lakini Mama, si alichaguliwa? Si ulioneshwa?"

"Sikuoneshwa kitu. Sikumwona. Macho yamekwisha."

"Umekosea mara moja tu, mama yetu. Ilikuwa siku ya vumbi."

"Nimesema macho yamekwisha." Alinyoosha mkono. "Yule pale, aliyevaa kahawia, ameinama. Ni nani? Mimi naona ni mwanangu anafunga kiatu."

Watu walitazama. Ilikuwa pikipiki iliyofunikwa ngozi ya kondoo. Sandag alikuwa bega kwa bega na mama yake, ameshika kamba.

Mwanamke aliyefunga kitambaa cha samawati alianza kulia, na dada yake akamwondoa pembeni. Nansalmaa alifungua utepe kwa vidole, fundo baada ya fundo, akaomba radhi kwa sauti ya kawaida, akamwaga maziwa chini na juu. Kisha alitaka ashikishwe mwanafarasi wa pili. Mara hii hakuuliza mwenyewe. Alisubiri mtu mwingine aulize. Damiran alipiga hatua mbele.

"Ni wa nani?" aliuliza Damiran.

"Mtazame kwanza kwato."

Damiran aliinama, akatazama kwato zote nne. "Hana kidoa. Ni wa nani?"

"Ni wangu, na sasa ni wako."

Baada ya ibada, nyama ilipokuwa ikigawanywa, Damiran alikuja na kuketi karibu naye juu ya majani. "Dada, kwa nini hukuniambia siku ile? Kwa jambo hilo ningekusitiri."

"Najua. Ungenisitiri, na farasi ungeniachia, na mwaka mzima ungenitazama kwa huruma. Kula nyama."

"Nusu ya watu hawa wananiogopa bado."

"Wamezoea. Watakuogopa hadi Julai."

Sandag hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilimwelekea mkewe. Njiani kurudi alimwuliza Khorloo tangu lini amejua, akajibiwa, akaendesha lori la kuazima hadi hemani. Jioni alipanda mlimani mahali penye mtandao, akampigia dada yake. Dada yake alikuwa ameshaambiwa na watu watatu.

Mwanafarasi wa Damiran alikimbia tarehe 9 Julai kwenye sikukuu ya wilaya, mbio za wanyama wa miaka miwili. Walianza sabini na mmoja. Watano wa kwanza humwagiwa maziwa ya farasi yaliyochachuka na kusifiwa kwa jina. Wa mwisho huimbiwa wimbo wa kumpa moyo. Yeye alikuwa wa sita. Wa sita haimbiwi.

"Wiki tano za kulamba malai ya mahujaji," alisema Damiran. "Hata mimi ningechelewa." Anasema mwakani atakuwa tofauti. Ameshamwekea alama kwenye kalenda ya ukutani.

Daktari wa macho wa mkoa alimpima Nansalmaa mwezi Agosti. Jicho la kulia linaweza kufanyiwa upasuaji majira ya baridi, na huenda likaona tena. Kuhusu la kushoto hakuahidi. Baada ya upasuaji hatakiwi karibu na moshi wa jiko kwa miezi kadhaa. Nansalmaa alimwuliza kama baada ya hapo ataweza kuona punje ya mchele. Daktari alitaka kujua punje hiyo itakuwa umbali gani. Alimjibu, "Kwenye kwato ya nyuma, farasi akiwa kwenye kamba." Daktari aliandika kitu kwenye karatasi.

Suala la hema lilizungumzwa kwa siku mbili na halikuwa na ubishi mkubwa. Nansalmaa mwenyewe ndiye aliyeweka sharti miaka yote ile, na sharti lilikuwa limetimia. Aliomba mambo mawili. La kwanza, hema lisiuzwe. Likunjwe na kuwekwa kwa Sandag, katika hema lake la jirani, sufu yake ipakwe dawa ya nondo. La pili, farasi wa Mbingu asihamishwe kwenye bonde, hata kundi likipelekwa mbali kwa ajili ya majani. Damiran, ambaye haondoki bondeni majira ya baridi, amekubali kumchunga.

Asubuhi siku hizi Nansalmaa hutoka tena na maziwa. Hatua kumi na moja, kisha anasimama. Alianza tena tarehe 6 Juni, bila kumwambia mtu, na Khorloo alipotoka na kijiko alikuta kijiko hakipo kwenye sanduku jekundu. Alingoja ndani hadi mama mkwe aliporudi.

"Bega limepona, Mama?"

"Limepona. Chai iko wapi?"

"Ilipo siku zote."

Lori litakuja tarehe 4 Oktoba. Nansalmaa atakaa mbele karibu na dereva, na kijiko cha macho tisa atakiacha kwa Khorloo.